Chumvi Mara Mbili

Watu wa Goba, huku juu mlimani, walimjua Zuena kwa adabu kabla hawajamjua kwa urubani. Shikamoo yake ilikuwa ya kusimama, si hii ya kurushwa huku mtu anatembea na simu sikioni. Akikutana na mtu mzima mwenye mzigo, aliupokea, hata kama yeye alikuwa anateremka na mwenye mzigo anapanda. Ndivyo alivyolelewa na mama yake, Bi Naima, mpishi wa shughuli, aliyebaki naye peke yake tangu mumewe, marehemu Bakari, alipotangulia mbele ya haki. Kanuni ya nyumba ile ilikuwa moja: mkubwa hakosolewi. Ukiona kakosea, inamisha macho, Mwenyezi Mungu atamwonyesha mwenyewe.

Basi adabu hiyohiyo ndiyo iliyomkwamisha kazini.

Zuena alikuwa rubani msaidizi kwenye kampuni moja ndogo ya ndege za pangaboi. Vitabu alivijua, mikono yake ilikuwa mizuri, macho yake makali. Siku moja walimweka kwenye simuleta, kile chumba kinachotikisika kama ndege ilhali kimefungwa sakafuni. Kwenye kiti cha kapteni alikaa Mwalimu Eliaichi, mama wa Kimachame mwenye mvi na sauti nzito, na kwa makusudi aliielekeza ndege ile ya mazoezi mlimani.

Zuena aliuona mlima mapema. Akakohoa. Akasema, "Mwalimu, leo mawingu mengi, eeh?"

Mwalimu Eliaichi akajibu kwamba ni kweli, ni mengi.

Zuena akajisogeza kitini. "Na upande ule sijui kukoje..."

Kioo chote kikawa chekundu. Wamekufa wote.

"Mlima uliuona?" Mwalimu Eliaichi akamuuliza, mikono yake bado iko kwenye usukani.

"Niliuona, Mwalimu."

"Kabla yangu?"

"Kabla."

"Ukaamua tufe kwa heshima." Mwalimu alivua miwani, akaifuta taratibu. "Sikiliza, mwanangu. Rubani wa pili hakuwekwa pale kumpigisha kapteni soga. Mwite kwa cheo chake. Mwambie unachokiona. Mwambie tufanye nini. Basi. Ukinipigia mafumbo tena, sikupi ndege yenye watu."

Zoezi lile Zuena alilirudia akapita, lakini nani asingepita, na mlima keshaambiwa unakuja? Mwalimu Eliaichi hakuridhika. Akaamua kwamba Zuena apimwe kwenye safari ya kweli, kapteni mzoefu akiwa pembeni yake. Akifuzu, anathibitishwa. Asipofuzu, anarudi ofisini kupanga ratiba za wenzake, na mistari ya mabegani anaivua.

Habari hizo alizileta nyumbani siku ya Ijumaa asubuhi, akamkuta mama yake uani anachambua mchele. Bi Naima alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso kwenye ungo.

"Kwa hiyo wanataka mtoto wangu awe na mdomo," alisema.

"Si mdomo, mama. Ni usalama wa abiria."

"Nimekuelewa." Akapeta mchele mara mbili tatu, akatoa kijiwe, akakitupa. "Huo mdomo mie ndiye niliyeufunga. Basi mie ndiye nitakayeufungua. Lete viti."

Vikaletwa viti viwili vya plastiki, vikapangwa mbele ya meko. Bi Naima akakaa cha kushoto, kwa sababu Zuena alimwambia kapteni hukaa kushoto. Mjomba Twalib, fundi cherehani, kaka yake Bi Naima, akajilaza mkekani kuwa abiria. Jirani yao Bi Avelina, mwalimu mstaafu, Mhaya mpenda vituko, akatoka kwake na kanga begani kuja kuona kulikoni, naye akakatiwa tiketi palepale.

"Abiria wetu wapendwa," alisema Bi Naima huku akikaanga vitunguu, "hapa anasema Kapteni Naima. Bismillah, tunaelekea pilau."

"Dada wa ndege!" Bi Avelina akapaza sauti. "Huku nyuma juisi hatujapata!"

"Na huyu jirani yangu kanikalia mkanda," akadakia Mjomba Twalib.

"Nyie abiria, tulieni," akaamuru Bi Naima. "Anayetaka kushuka ashuke sasa hivi, tuko juu ya bahari."

Wakacheka. Bi Naima akaunga nyama, akatia viazi, akatia maji, akatia chumvi. Maji yalipochemka akamimina mchele, akakoroga, huku anapiga stori za arusi aliyoipikia Kunduchi, bwana arusi alivyosinzia mezani mpaka kilemba kikaingia kwenye mchuzi. Katikati ya stori mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa chumvi. Ukachota tena.

Zuena aliuona mkono ule. Akamtazama mama yake usoni: mama hacheki, halegezi jicho, anaendelea na bwana arusi wake.

"Mama," alisema Zuena, "chumvi ya siku hizi kali, eeh?"

"Kali, ndiyo."

"Wenye presha wanalalamika sana."

"Wanalalamika, masikini." Na mkono ukageuka juu ya sufuria.

"Mama!"

"Umechelewa," alisema Bi Naima. Akafunika.

Walidhani ni mchezo, kwamba kageuza mkono mtupu. Aliporudi Mjomba Twalib kutoka swala ya Ijumaa, sinia likatandikwa, wakanawa, wakasema bismillah. Tonge la kwanza likaingia. Mjomba Twalib alilikimbilia jagi la maji kama nyumba inaungua.

"Bi Naima," alisema Bi Avelina, machozi yakimlengalenga, "hii ni pilau au maji ya Kunduchi?"

"Ni ndege ya mwanangu," alijibu Bi Naima. "Zuena, kula."

"Mama, haliki."

"Kula uijue. Mie nimepikia watu tangu hujazaliwa, sijawahi kuharibu sufuria. Leo nimeharibu kwa mkono wangu, Mwenyezi Mungu anisamehe, na wewe umekaa pembeni unaniona, unanihadithia wenye presha. Ulishindwa kusema, 'Mama, umeshatia chumvi, acha'?"

Zuena akala. Tonge moja, la pili, la tatu, huku Mjomba Twalib anamhesabia kama mwamuzi wa ngumi, mpaka mwenyewe Bi Naima akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko chake kikawafungua wote. Jioni alipika wali mtupu akauchanganya na ile pilau iliyobaki, maana neema haitupwi.

Wiki nzima ikawa hivyo. Bi Naima alivaa kanga nje ndani, akageuza ufunguo upande usio wake, akaandaa chai ya wageni bila majani, akingoja. Siku za mwanzo Zuena aliugulia moyoni tu. Lakini kufikia Alhamisi, Bi Naima alipotaka kutoka na viatu viwili visivyofanana, alisikia nyuma yake: "Mama. Viatu havifanani. Badilisha cha kushoto." Akageuka mlangoni kwa sura ya kutisha, Zuena akataka kuzama ardhini. "Nimekubali," alisema Bi Naima, akabadilisha, akaenda zake. Huko njiani, kama alivyokuja kusimulia Bi Avelina, Bi Naima alikuwa anatabasamu peke yake.

Usiku ule ratiba ikatoka. Safari ya Jumamosi, kwenda Tabora na kurudi, pamoja na Kapteni Albano Maganga.

"Maganga?" Mjomba Twalib aliruka mkekani. "Wa Tabora? Mnyamwezi huyo! Zuena, kazi imekwisha. Sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Tunatukanana hadi msibani, na anayetukanwa haruhusiwi kununa. Huyo utamwambia lolote, na shikamoo yako iko palepale!"

Zuena akapumua. Ni kama mzigo umetuliwa. Utani! Mbona hakuufikiria? Kumkosoa mkubwa kulimkaba koo, lakini kumtania mtani hakumkabi mtu.

Bi Naima peke yake hakushangilia. "Utani mzuri msibani," alisema akikunja mswala wake. "Angani sijui."

*

Kapteni Albano alikuwa mzee wa mwili na kicheko. Zuena alimpa shikamoo ya kusimama pale kwenye ngazi ya ndege.

"Marahaba. Zuena wa wapi?"

"Wa Goba, Kapteni. Mzaramo."

"Mama yangu!" Mzee alishika kichwa. "Nimepewa mtani! Ngoma umeiacha wapi? Maana nyie bila ngoma hamwezi hata kufunga mkanda."

"Ngoma tumeiacha nyumbani, Kapteni, ili mizigo yenu ienee. Si kubeba ndiyo kazi yenu? Michembe yenu ya viazi umepakia?"

Kapteni Albano alicheka mpaka fundi aliyekuwa chini ya bawa akachungulia. Safari ya kwenda ikawa nyepesi kama pamba. Walitaniana njia nzima, kazi inafanyika, kila kitu mahali pake. Pale Tabora ndugu zake mzee walimletea asali na kapu la michembe, maana siku hiyohiyo jioni, huko Sinza, kulikuwa na sendofu ya kumuaga binti yake wa mwisho anayeolewa.

"Baba asipokuwepo nani atacheza naye?" alisema wakati wanaondoka. "Suti yangu iko kwenye gari. Nikitua tu, nabadilisha nguo hukohuko maegesho."

Walipoikaribia Dar walikuta mbingu imeshuka. Wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya uwanja, mvua nzito, mchana umekuwa kama magharibi. Waongozaji wa chini wakasema ndege bado zinatua. Kapteni Albano, kama ilivyo desturi kabla ya kutua, alisema kwa sauti watakavyofanya: watashuka kwa kufuata vyombo mpaka ule mwinuko wa mwisho uliopangwa, na wakifika hapo hawajauona uwanja, hakuna mjadala, wananyanyua ndege na kuzunguka. Aliyasema vizuri, kwa kichwa, kama mtu anavyosoma Fatiha.

Wakaingia winguni. Kioo mbele kikawa maji matupu, vifutio vinahangaika. Zuena alisoma mwinuko kwa sauti, unapungua, unapungua. Midomo yake ilikuwa ikimtaja Mola chinichini.

"Naona uwanja!" alisema Kapteni Albano. "Taa zile pale, kulia kidogo." Akaelekeza pua ya ndege kulia.

Zuena akatazama. Kweli, taa zilikuwepo, zimejipanga safu mbili ndani ya mvua, nzuri kabisa. Akashusha macho kwenye vyombo: mshale ulikuwa unasema uwanja uko kushoto. Akainua macho tena. Safu moja nyeupe, safu moja nyekundu. Na taa moja nyeupe ikatoka kwenye safu yake, ikaipita iliyo mbele, ikarudi.

Ilikuwa barabara ya Pugu. Foleni ya Gongo la Mboto.

Ikamrudia adabu ileile ya siku zote. Huyu ni mzee, ni kapteni, kasema anaona. Halafu ukaja ule msaada wa Mjomba Twalib, ukaja wenyewe, mtamu mdomoni.

"Mtani," alisema kwa kicheko, "taa zako mbona zinatembea? Au sendofu imeanzia barabarani?"

"Hahaa! Wanampokea baba wa binti!" alisema Kapteni Albano, na ndege ikaendelea kushuka.

Na Zuena naye akacheka. Hicho ndicho kilichomtisha. Alijisikia anacheka, akamsikia mzee anacheka, na chini yao foleni inakuja. Neno lake lilikuwa limefika, limepokelewa, limefurahiwa, na halijafanya kazi yoyote. Hapo, wallahi, chumvi ikamjaa mdomoni. Ile ya pilau ya Ijumaa, kali, mpaka kwenye mzizi wa ulimi. Akauona mkono wa mama yake unageuka juu ya sufuria.

"Kapteni Albano."

Kicheko kikakatika. Hakuna mtani anayeita hivyo.

"Hizo ni taa za magari. Uwanja uko kushoto, hatujauona. Tunyanyue sasa."

Mzee alitazama mbele, akatazama chombo. Ilikuwa kupepesa jicho tu. "Tunanyanyua," alisema, mkono wake ukasukuma wenzo wa injini mbele, pangaboi zote mbili zikanguruma, pua ikapanda. Zuena alikunja magurudumu, akawaarifu waongozaji, sauti yake imetulia hata mwenyewe akashangaa. Nyuma mlangoni walisikia abiria mmoja anapiga shahada na mwingine anawaita Yesu na Maria kwa pamoja.

Wakatoka juu ya wingu kama watu wanaotoka kisimani. Huku upande wa bahari kulikuwa kweupe, jua linawaka, Kunduchi iko chini inang'aa na hoteli zake kana kwamba mvua haijawahi kuumbwa. Wakaambiwa wazunguke hapo, wingu linaondoka. Mafuta yalikuwa tele.

Kapteni Albano alizungumza na abiria kwanza, kwa upole, akawaeleza kwamba hawakuuona uwanja vizuri na watajaribu tena. Kisha akamgeukia Zuena. Kisha akasema, "Asante."

"Kapteni, nisamehe, nilianza kwa kutania. Nilipaswa kusema moja kwa moja."

"Ulipaswa. Utani wako niliufurahia sana, na ndio ubaya wake." Akashusha pumzi. "Mie nilitaka ziwe taa za uwanja, Zuena. Nilizitaka kwa moyo wote. Nilikuwa nimeshaanza kucheza na binti yangu." Akatikisa kichwa. "Tukiwa winguni mie si mtani wako. Tukifika chini nitukane mpaka uchoke."

"Nimekubali, Kapteni."

Wingu lilipohamia Kisarawe, mzee aliondoa mikono yake kwenye usukani, akaikunja kifuani. "Haya. Itue wewe."

Zuena akasema bismillah. Walipotoboa mawingu mepesi yaliyobaki, uwanja ulikuwa palepale mshale uliposema, umelowa, unametameta, na taa zake safu mbili zimenyooka, zimetulia, hakuna hata moja inayoipita mwenzake. Aliiweka ndege chini laini, na nyuma abiria wakapiga makofi na vigelegele, mama mmoja akianzisha wimbo wa arusi bila sababu yoyote. "Alhamdulillah," alisema Zuena. "Amina," alisema Kapteni Albano, Mkatoliki wa kubatizwa.

Sendofu alifika kachelewa, na sare yake ya kazi, suti imesahaulika garini. Alicheza na binti yake hivyohivyo, kofia ya urubani ikiwa kichwani kwa bibi arusi mtarajiwa.

*

Jumapili, baada ya misa, Kapteni Albano alipanda mlima wa Goba na kapu la michembe begani.

"Hodi! Mchukuzi amefika!"

"Karibu, mtani!" Mjomba Twalib alikuwa wa kwanza kutoka. "Weka mzigo, upewe maji, halafu urudi Tabora kwa miguu kama mababu zako!"

Walipokwisha kutukanana vya kutosha, Kapteni Albano alimgeukia Bi Naima, akavua kofia. "Nimekuja kukushukuru kwa malezi, Bi Naima. Nimempelekea Mwalimu Eliaichi habari yote, kosa langu likiwa la kwanza, na nimeomba mie mwenyewe nirudi darasani. Amesema kuhusu ule utani, Zuena atakwenda kujieleza kwake, na ajiandae. Lakini amefuzu. Kuanzia kesho amethibitishwa."

Bi Avelina akapiga vigelegele kabla mtu mwingine hajapumua. Zuena alimwinamia mama yake miguuni, mama akamwinua, akamkumbatia, akamfuta uso kwa pembe ya mtandio, na wa kwake hakuufuta. "Baba yako angefurahi," alisema tu. "Nendeni mkanawe. Pilau imeiva."

Sinia likaja, mvuke unapanda, harufu ya iliki mpaka barabarani. Mgeni akapewa heshima ya tonge la kwanza.

Akatafuna. Akapunguza kutafuna.

Zuena naye akaonja. Haikuwa na chumvi hata chembe.

Bi Naima alikuwa amekaa pembeni, mikono magotini, macho kwa mgeni, uso wake hauna habari yoyote. Bi Avelina akaanza kuchunguza paa. Mjomba Twalib akamezea maji. Na Kapteni Albano, mtu aliyekwisha kurusha watu maelfu, akasafisha koo.

"Bi Naima," alisema, "mchele huu wa wapi? Unanukia kwelikweli."

"Kyela," alijibu Bi Naima.

"Aaa. Kyela mvua nzuri."

Zuena akaweka mkono wake pembeni ya sinia, akamtazama kapteni wake. Mzee akayaona macho yale, na taratibu kicheko kikaanza kumpanda kutoka tumboni, lakini akakizuia, akajiweka sawa mkekani, mgongo ukanyooka.

"Bi Naima," alisema. "Pilau haina chumvi. Tuongeze kabla hatujaendelea."

Hata kuku wa jirani alinyamaza.

"Nimekubali," alisema Bi Naima. Akanyoosha mkono nyuma ya mgongo wake, akatoa kisahani kilichofunikwa kwa kawa ndogo. Chumvi ilikuwa humo, imepimwa tayari.

"Huyu mama!" Kapteni Albano alianguka ubavu kwa kicheko. "Huyu mama ndiye angetupima sote!"

Mjomba Twalib akapiga sinia kama ngoma, Bi Avelina akashika mbavu, na Bi Naima, katikati ya kelele zote zile, aliinyunyiza ile chumvi juu ya pilau polepole, pande zote, mara moja tu.